Kibodi Inayolia

Ofisini kwetu mimi ndiye mchekeshaji. Sikuajiriwa kwa kazi hiyo, niliajiriwa kama mhasibu, lakini muulize yeyote katika idara yetu ya maji atakwambia: ukitaka mbavu zikuume, nenda chumba cha hesabu. Nasema mapema ili ujue unaongea na mtu wa aina gani. Maana hadithi hii ni ya kibodi, na watu wakisikia kibodi wanadhani ni mambo madogo. Si madogo hata kidogo. Ilikuwa ni ama mhazili wetu abaki, ama aende zake mbali, na mimi nilitaka abaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu nizaliwe.

Tulikuwa wawili tu chumbani. Meza yake ilielekea dirishani, yangu ilielekea ukutani penye kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyejisumbua kuitoa. Kwa hiyo tulipeana migongo kutwa nzima. Sikuwa namwona, nilikuwa namsikia. Yeye kazi alijifunza kwenye taipureta, zile za chuma, ambazo usipotia nguvu herufi haitokei kwenye karatasi. Mashine zikabadilika, vidole vikakataa kubadilika. Akikaa kwenye kompyuta anaishindilia kibodi kana kwamba ana ugomvi nayo, haraka haraka, bila kusita, mstari hadi mstari. Wiki yake ya kwanza tu nikampa jina. Nikamwita Cherehani.

Sasa hapa unisikilize vizuri. Mama yetu alikuwa fundi wa kushona. Nimelala kwa sauti ya cherehani, nimeamka kwa sauti ya cherehani, hesabu zangu zote za shule nimezifanyia chini ya ile meza huku vipande vya nguo vikiniangukia kichwani. Mama alipofariki, mashine ile akaichukua dada yangu, na mpaka leo ndiyo inayotulisha mshahara wangu ukichelewa. Ukifungua mlango wa kwetu, hiyo ndiyo sauti ya kwanza kukupokea. Kwa hiyo nilipomwita mhazili Cherehani, sikuwa na jina zuri kuliko hilo duniani. Ila sikumwambia. Nilichokuwa namwambia kila asubuhi ni hiki:

"Cherehani, leo unashona suruali ya nani? Tuhurumie masikio, mama!"

Na yeye, bila kugeuka: "Yako. Na kiunoni nitaibana mpaka upige kelele."

Basi siku zikaenda hivyo. Yeye mume wake alishafariki, binti yake ameolewa. Mimi sijaoa. Niliwahi kuwa na mchumba, akachoka kunisubiri nimalize mzaha. Hayo dada yangu ndiye husema, mimi narudia tu.

Mwaka jana kibodi ya ofisi ikaanza kumtesa. Ni hizi za kawaida, ndani zina mpira, na mpira ukichakaa unabonyeza kitufe mara ya kwanza hakijibu, mara ya pili kinajibu mara mbili. Jioni ninamsikia anavinyoosha vidole, vinalia kimoja kimoja. Akaenda kwa bwana wa manunuzi kuomba nyingine.

"Inaandika?" bwana wa manunuzi akamuuliza.

"Inaandika, lakini..."

"Basi si mbovu."

Akarudi amenuna. Akavuta kiti, akakaa, halafu kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakigeuza kile kiti kunielekea mimi.

"Bwana Hesabu," akasema, "nanunua yangu mwenyewe. Na sitaki tena haya mapira. Nataka ile ya mekanika."

"Ile ya nini?"

Akanieleza. Kumbe kuna kibodi ambazo kila kitufe kina swichi yake peke yake na springi yake ndani, ukibonyeza unajua umebonyeza, kidole hakihangaiki. Alishasoma kila kitu kwenye simu. Macho yalikuwa yanang'aa kama mtoto aliyeona baiskeli.

"Lakini mfuko wangu unaujua," akasema. "Wewe ndiye bingwa wa kubana matumizi. Nisaidie nisipigwe."

Nikakigeuza kiti changu na mimi. Na nikwambie, zile wiki za kuchagua kibodi ndizo wiki nzuri kuliko zote nilizokaa katika ofisi ile. Muda wa chakula kila mtu anatoka, sisi tunabaki, vichwa viwili juu ya simu moja. Akinionyesha yenye taa za rangi zote, namwambia, "Taa za nini? Unaandika barua za kudai bili au unafungua disko?" Akinionyesha ndogo ndogo, isiyo na tarakimu pembeni, ambayo bei yake ilikuwa nafuu kweli, nakuwa mkali.

"Hapana. Haina sehemu ya namba."

"Mimi naandika barua, namba za nini?"

"Siku haupo, mimi nikitaka kuitumia?"

Akaona nyingine, iliyotumika, herufi zimefutika juu ya vitufe vyote. Bei ya kutupa. Akasema kwake si kitu, yeye haangalii chini.

"Na mimi mwenye vidole viwili?" nikasema. "Nitaandikaje?"

Akanitazama. "Kwani wewe unataka kuniandikia nini?"

Nikacheka, nikasema nataka kumwandikia barua ya kumfukuza kazi kwa kelele. Akacheka naye. Akairudisha simu kwenye mkoba.

Ndipo Bosi akamwita juu. Alikaa huko muda, akarudi, akaketi mahali pake akielekea dirishani. Nikasubiri ile sauti ianze. Haikuanza.

"Wanafungua tawi jipya," akasema, bado kanipa mgongo. Akataja lilipo. Mbali, mtu haendi na kurudi siku moja. "Bosi anataka niende nikaanzishe masjala. Nitakuwa na chumba changu mwenyewe."

"Ukasemaje?"

"Nimeomba nifikirie. Amenipa mpaka Jumatatu."

Nikasema, "Aa." Ni hilo tu. Nadhani ndilo jibu pekee lisilo na mzaha nililowahi kumpa, na lilikuwa herufi mbili.

"Jumamosi nisindikize dukani," akasema. "Tumalize hili la kibodi."

Nikamsindikiza. Nilivaa shati langu la kitenge, na dada yangu alinitazama hivi nikitoka. Duka lilikuwa jembamba, kuta zimejaa nyaya na chaja, na muuzaji alikuwa kijana mwenye kalamu mdomoni ambaye hakuitoa hata alipoongea. Lakini kazi yake aliijua. Akaweka juu ya kaunta kibao kidogo chenye swichi za rangi mbalimbali, mteja abonyeze ajionee.

"Hizi za bluu zinalia," akasema. "Hizi za kahawia zina kigongo kidogo, unakisikia kwa kidole. Nyekundu zinateleza tu. Na hizi zina sponji ndani, hizi ni kimya kabisa, hata aliyelala hashtuki."

Mhazili akazijaribu zote, polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayechagua nyanya. Akabakiza mbili. Moja ni ya bluu, ile inayolia, kibodi kubwa yenye sehemu ya namba pembeni, na bei yake iliingia mfukoni mwake bila kulazimisha. Nyingine ni ile ya kimya, nzuri, laini, na bei yake ilimzidi. Ila muuzaji alikubali kumwekea mpaka mwisho wa mwezi akitanguliza kidogo.

"Niandikie humu nikusikie," muuzaji akasema, akaichomeka ile ya bluu kwenye kompyuta yake.

Mhazili akaweka mkoba chini, akanyoosha vidole, akaanza. Aliandika barua ya ofisi, ile ya kila siku, tunapenda kukujulisha ya kwamba. Jamani. Ile sauti haikuwa inafanana na cherehani ya mama. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Ilikuwa mama anamalizia sare za shule kabla shule hazijafunguliwa. Nilishika ukingo wa kaunta. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, nimesimama katikati ya chaja za simu.

Akaacha kuandika. Akaitoa mikono juu ya vitufe na kuiweka mapajani, akanigeukia.

"Kule tawini nitakuwa peke yangu," akasema. "Hii inayolia haitamsumbua mtu, naweza kuinunua leo leo. Lakini nikibaki, siwezi kumpigia mwenzangu kelele zote hizi kutwa nzima. Nikibaki itabidi nisubiri ile ya kimya." Akaigusa ile ya bluu kwa ncha ya kidole. "Wewe ndiye unayekaa mgongoni kwangu. Sema wewe. Nichukue ipi?"

Usiniambie sikuelewa. Nilielewa. Mtu anayekuuliza habari za swichi hakutazami vile. Alikuwa ameweka neno lake lote juu ya ile kaunta, na mimi nilichotakiwa ni kunyoosha mkono nilichukue. Nilihisi yule muuzaji ananitazama, kalamu mdomoni, anangoja. Nikaona watu wawili wanangoja niseme kitu. Na mimi watu wakingoja niseme kitu, najua kitu kimoja tu.

"Chukua hiyo inayolia uende nayo huko huko!" nikasema. "Masikio yangu yameteseka vya kutosha, nayo yaende likizo!"

Muuzaji akaangua kicheko mpaka kalamu ikamtoka. Na mimi, kwa kuwa mtu amecheka, nikanogewa. Nikaongeza: "Tena nauli ya hiyo kibodi nalipa mimi!"

Mhazili akatabasamu. Alikuwa na tabasamu lake la siku zote, linaloanzia machoni. Hili lilianzia mdomoni na likaishia hapo hapo.

"Haya, umesikia," akamwambia muuzaji. "Nifungie hiyo."

Njiani akabeba boksi lake mwenyewe. Nilitaka kumpokea, akasema si zito.

Nilipofika nyumbani dada yangu alikuwa kwenye mashine, anapindisha mapazia ya mtu. Nikakaa kwenye kigoda pembeni yake, nikamsimulia. Nilianza kuisimulia kama kichekesho, maana ndivyo ninavyosimulia kila kitu. Nikafika pale kwenye swali. Mguu wake ukaacha kukanyaga, gurudumu likazunguka lenyewe kidogo, likasimama.

"Alikuuliza hivyo? Kwa maneno hayo hayo?"

"Eeh."

"Wewe ukamjibuje?"

Nikamwambia.

Dada akavua miwani. "Mungu wangu," akasema. "Kumbe mama alizaa kinanda, kikiguswa kinapiga tu." Halafu hasira zikampanda. "Hivi una wazimu? Mwanamke mzima, mwenye heshima zake, anakuja na swali lake mkononi, wewe unampa kichekesho? Unajua alichotaka kusikia?"

"Najua."

"Nini? Kiseme hapa nikusikie."

"Kwamba abaki."

"Baki! Neno moja hilo, halijazi hata mdomo! Ungelitema likadondoka lenyewe!"

"Muuzaji alikuwa ananitazama, dada."

"Huyo muuzaji ndiye utakayezeeka naye?"

Dada akavaa miwani, akavuta pazia, lakini hakushona. "Jumatatu asubuhi uende ukamwambie," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Kabla hajapanda kwa Bosi."

"Na nikisema vibaya?"

"Kuna kusema vibaya kuliko ulivyosema jana na juzi na leo? Nenda, mdogo wangu. Nenda ukaongee kama binadamu."

Jumatatu nikadamka. Njia nzima nilikuwa nalisema lile neno kimoyomoyo, nikapishana na watu bila kuwaona. Nikaingia chumbani. Alikuwa ameshafika. Ile kibodi mpya ilikuwa bado ndani ya boksi lake, juu ya meza, hata utepe wa boksi haujabanduliwa. Nikalitazama lile boksi, nikapata nguvu. Nikasema moyoni, hajaifungua, bado.

"Nimeshaonana na Bosi," akasema. "Nilimkuta mlangoni. Nimemwambia naenda."

Na hata hapo, nakuapia, mlango ulikuwa haujafungwa. Bosi yuko ngazi moja tu juu yetu. Ningesema, na mhazili angepanda zile ngazi, akashuka, tukacheka mambo yakaisha. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kumtazama mtu anayevua koti.

"Hongera," nikasema.

"Ahsante," akasema, akageukia dirisha.

Siku ya kumuaga tukakutana chumba cha mikutano, soda na biskuti, idara nzima. Bosi akasema yake, bwana wa manunuzi akasema yake, tena huyo alisifu uvumilivu, wakati kibodi alimnyima. Kisha wakaanza, "Mhasibu! Mhasibu aseme!" Nikainuka. Sasa sikiliza. Safari hii nilikuwa nimepiga moyo konde. Nilikuwa nimepanga nitasema ukweli mbele ya watu wote, iwe isiwe, na kama nitalia nitalia. Nikafungua mdomo, na kabla sijatoa neno watu wakaanza kucheka. Wananiangalia tu na wanacheka. Wengine wameshashika mbavu, wanajiandaa.

"Nyumbani kwetu," nikasema, "mama yangu alikuwa na cherehani..."

"Haya tena! Ameanza!" mtu akapiga kelele nyuma, na chumba kikalipuka.

Nilimtazama yeye. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, soda mkononi, anasikiliza. Nadhani yeye peke yake katika chumba kizima ndiye aliyekuwa anasikiliza. Nilitakiwa niendelee tu. Sentensi ilikuwa inasema, na sauti yake ilinilea, na wewe kila ukiandika mimi niko nyumbani. Nilikuwa nayo hapa mdomoni. Lakini kile kicheko kikanibeba kama kawaida yake, nikasikia sauti yangu inasema:

"...lakini ile ya mama ukiitia mafuta ilikuwa inanyamaza!"

Walicheka mpaka watu wa chumba cha jirani wakachungulia. Bosi alinipiga mgongoni. Mhazili naye akacheka mwishoni, akajifuta macho kwa leso. Sijui yale machozi yalikuwa ya kitu gani, na sina haki ya kuuliza.

Akaondoka. Mwenye kuchukua nafasi yake hakuletwa, wanasema bajeti. Mezani pake ikabaki ile kibodi ya mpira, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba nilikuwa nasikia saa yangu ya mkononi. Hayo ndiyo masikio yaliyotaka likizo. Nilipata likizo hasa.

Nilichopata cha kunifariji kilikuwa simu. Tawi lazima lilete hesabu za bili, na mhasibu ana haki ya kuuliza. Nikawa nauliza. Nikipiga, anapokea, ananisalimia vizuri, namwomba takwimu fulani, anasema ngoja niitafute. Anaweka simu mezani. Na pale mezani, kando ya simu, kibodi inaanza kulia. Nilikuwa nafumba macho. Takwimu zenyewe zilikuwa mbele yangu, nimeshaziandika tangu asubuhi. Akimaliza kunisomea namwambia, "Samahani, hebu nitazamie na ya mwezi ule mwingine." Anatazama, na mimi nakaa chini ya meza ya mama.

Siku moja, sijui nilipata wapi moyo, nikamwambia, "Naikumbuka hiyo sauti."

"Wewe?" akasema. "Si ulisema masikio yaende likizo?"

"Yamechoka likizo."

Akacheka kidogo. Halafu akasema, taratibu, bila kunilaumu, "Ungesema."

Ndugu yangu, neno lile lilininyima usingizi. Nilimwambia dada, na dada akasema kama mtu amekwambia ungesema, basi kasema, nenda. Nikaomba ruhusa ya siku chache. Bosi akanijazia fomu, akaniuliza naenda kucheka na nani. Dada akakitoa kitambaa alichokuwa amekiweka siku nyingi kwenye sanduku la mama, akanipima kiuno, akaanza kunishonea suruali ya safari. Nilikaa kwenye kile kigoda nikimtazama anashona, na nikwambie ukweli, nilikuwa na furaha. Nilijiambia sitatia neno hata moja la mzaha. Nitaingia, nitasema hujambo, nitasema lile neno.

Siku moja kabla ya safari nikapiga simu tawini, kujihakikishia tu kwamba yupo. Nikaomba takwimu. Akaweka simu mezani. Nikafumba macho.

Kimya.

Nilidhani laini imekatika. Nikasema halo, halo. Akarudi, akanisomea takwimu zangu sawasawa.

"Kibodi imekufa?" nikamuuliza.

"Haijafa. Nimebadilisha." Alikuwa na sauti nyepesi, sauti ya mtu aliyeshiba usingizi. "Wametuletea mpima ardhi, hawana pa kumweka, wamemweka humu kwangu. Nikamuuliza mapema, nikamwambia, bwana, mimi nina kelele, zikikusumbua sema, nitaomba nihamie kile chumba cha nyuma."

Sikutaka kuuliza. Nikauliza. "Akasemaje?"

"Akasema baki. Akasema kelele atazizoea." Akacheka, na kile kilikuwa kicheko chake hasa, nikakijua hata kwa simu, kile kinachoanzia machoni. "Alisema hivyo tu, hakuongeza kitu, akarudi kwenye ramani zake. Basi mwenyewe nikaona haya. Nikajibana bana, nikanunua ile ya kimya."

Nilikuwa nimeushika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Halo? Upo, Bwana Hesabu?"

"Nipo."

"Ile inayolia nimekutumia. Imekuja na gari la ofisi. Ulisema unaikumbuka, nikaona iozee huku kwa nini. Na ina namba pembeni, si uliing'ang'ania mwenyewe?"

Nikamshukuru. Nilimshukuru vizuri, kwa adabu, bila mzaha. Nilijifunza kuongea kama binadamu siku ambayo hapakuwa na la kuongea.

Suruali nilikuta imekwisha, imenyooshwa, imetundikwa mlangoni. Dada alinitazama usoni mara moja, akainuka, akaitungua, akaikunja, akairudisha kwenye sanduku. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Gari la ofisi likafika. Nikalifungua boksi mezani pangu. Vile vitufe anavyovitumia sana vilikuwa vimeanza kung'aa kwa vidole vyake. Nikaitoa yangu ya mpira, nikaichomeka hii, nikakaa, nikaielekea. Nilitaka kuisikia tu. Nikabonyeza. Ikalia, halafu ikasubiri nitafute herufi ya pili. Ikalia. Ikasubiri. Kwa vidole viwili haikuwa cherehani, ilikuwa mtu anagonga mlango wa nyumba ambayo watu wamehama.

Nikatazama kwenye skrini. Nilikuwa nimeandika neno moja, baki. Nikalisoma. Kisha nikalifuta, herufi moja moja, na kulifuta nako kukapiga kelele zile zile.

Kwenye chumba cha jirani wakasikia. Bwana wa manunuzi akagonga ukuta.

"Mhasibu!" akapaza sauti, na nikawasikia wengine wanaanza kucheka kabla hajamaliza. "Tuhurumie masikio! Unashona suruali ya nani huko?"

Wakanyamaza, wakingoja jibu langu. Wote walikuwa wanangoja, na sikuwa nalo.